Bima ya Mama Inalipwa Kimara

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mweka hazina. Cheo hicho sikukigombea, nilipewa kwa sababu moja tu: nimebaki Moshi. Ndugu zangu wametawanyika, mmoja yuko Kimara, Dar es Salaam, mwingine anafundisha Singida, mwingine Mwanza, na wa mwisho anahangaika na biashara Tunduma. Mimi niko Pasua, na kutoka Pasua hadi Uru kwa mama ni nauli ya hiace na kupanda mlima kidogo kwa miguu. Kwa hiyo mtu akiugua kule juu simu ya kwanza inaita kwangu, na hela zote za kumuuguza zinapita kwenye simu yangu kabla hazijafika dirisha la malipo.

Nasema haya mapema ili mjue nimekaa wapi ninapoizungumzia Bima ya Afya kwa Wote, mpango wa serikali wa kutaka kila mtu awe na kadi ya matibabu. Wengine wanaitazama kutoka bungeni au kutoka hospitalini. Mimi naitazama kutoka kwenye orodha ya michango.

Orodha yenyewe mnaijua, kila kundi la WhatsApp la ukoo linayo. Jina, kiasi, tiki ya kijani. Kuna wa taslimu na kuna wa ahadi. Kuna anayeandika "nimeona, naweka jioni", na jioni yake inakuja wiki inayofuata. Akifa mtu, orodha hiyo inajaa kabla hata hatujajua mazishi ni lini. Kamati inaundwa, sanduku linapatikana, gari la kuleta mwili linapatikana, ng'ombe anapatikana, na watu ambao hatujawasikia tangu Pasaka wanatuma laki bila kuulizwa. Akiugua mtu, orodha inafika katikati inasimama. Halafu kunakuwa kimya, mpaka atokee mmoja aandike "tumwombee mgonjwa wetu", na baada ya hapo zinakuja "amina" nyingi kuliko miamala.

Siwalaumu sana. Msiba una tarehe na una watu watakaokuona umekuja mikono mitupu. Ugonjwa hauna tarehe. Presha hasa haina tarehe kabisa.

Baba yetu mdogo alipigwa na kiharusi akiwa shambani, akikata majani ya ng'ombe. Tulipomfikisha hospitali, daktari, kijana mpole, aliuliza swali moja: dawa za presha ameacha lini? Mama mdogo hakujibu, alifungua mkoba akatoa karatasi ya vidonge. Vidonge vilikuwemo bado. Alikuwa hajaacha, alikuwa anameza leo, kesho anapumzika, keshokutwa anameza, ili zidumu. Mzee ana zaidi ya miaka sitini, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa umri huo asiye na uwezo atibiwe bure. Kitambulisho cha wazee anacho, amekitia kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Alikuwa anahudhuria kliniki, anapimwa bure, anaandikiwa dawa bure, kisha anaambiwa dawa hiyo kwa sasa haipo, akanunue nje. Nje ni duka la dawa, na duka la dawa halitambui kitambulisho cha mzee.

Mimi nilisimama dirishani. Mhasibu alinipitishia karatasi yenye kontroo namba, ile namba ya kulipia, kupitia tundu la kioo, nikaanza kuwapigia ndugu mmoja mmoja. Kaka wa Kimara alituma papo hapo. Wa Mwanza alituma nusu. Mwalimu alisema mshahara haujatoka, na kweli ulikuwa haujatoka, tulikuwa tarehe kumi na kitu. Nyuma yangu foleni ilikuwa inaguna. Nililipa kwa hela ya mzigo wa dukani kwangu, ndugu wakarudisha kidogo kidogo, na kilichobaki nimekisamehe kwa hiari yangu, ingawa mke wangu hapendi nikisema hivyo.

Baadaye nilimweleza mama mdogo habari za bima mpya, kwamba serikali inataka kila mtu awe na kadi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa hiyo kadi, baba, ndiyo nitakayommezesha?"

Sijapata jibu zuri la swali lake hadi leo, lakini nimejaribu kufuatilia hesabu.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 matibabu ya serikali yalikuwa bure, na wazee wetu bado wanayasimulia. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji, mgonjwa akaanza kutoa chochote dirishani. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ikatungwa 1999, mfuko ukaanza kazi 2001 ukiwachukua watumishi wa serikali. Mwaka huohuo 2001 ikaja sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, kwa ajili yetu sisi wa shambani na wa dukani. Tangu hapo Watanzania tuliwekwa kwenye njia mbili, na njia hizo hazikulingana hata siku moja.

Chukua mtumishi mwenye mshahara wa laki nane. Mchango wake ni asilimia 6, nusu anakatwa yeye na nusu anaongeza mwajiri. Hiyo ni Sh 48,000 kwa mwezi, Sh 576,000 kwa mwaka. Sasa chukua familia ya Uru kwenye CHF iliyoboreshwa, ile iliyoanza kusambaa mwaka 2018: ilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa watu sita. Elfu tano kwa kichwa. Tuliisifia kwa urahisi wake, viongozi wakasimama majukwaani wakasema elfu thelathini hata kuku wawili wanatosha. Lakini elfu tano ya mtu kwa mwaka mzima ingenunua dawa gani, ingemlipa nani? Kituo kilipokea kadi, kikatibu, kikasubiri kulipwa, na rafu ya dawa ikabaki wazi. Bei ile ilitununulia haki ya kumwona daktari. Dawa ilikuwa habari nyingine.

Ndiyo maana muswada wa bima kwa wote ulipotua mwaka 2022 na hesabu ya Sh 340,000 kwa kaya ya watu sita, watu waliruka. Kutoka thelathini hadi laki tatu na arobaini! Mimi pia niliruka. Lakini nikiutazama mshahara ule wa laki nane, nakiri kwamba laki tatu na arobaini ndiyo ilikuwa inakaribia bei ya matibabu yenyewe. Muswada ulikuwa na masharti mengine yaliyowakera watu zaidi ya bei, ya kuifunga bima na leseni ya udereva, leseni ya biashara, hati ya kusafiria na mambo kama hayo. Ulipigiwa kelele, ukaahirishwa, ukarudi, na Bunge likaupitisha Novemba 2023. Wakati huo tuliokuwa na bima ya aina yoyote tulikuwa takriban asilimia 15 ya nchi nzima. Kwenye kampeni za mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuanza utekelezaji wa majaribio ndani ya siku mia moja za kwanza, na akaahidi pia kwamba hospitali zitapigwa marufuku kuzuia maiti kwa sababu ya deni.

Hiyo ya maiti ilishangiliwa kuliko yote, na mimi nilijua kwa nini. Ukoo wetu uko tayari kukomboa maiti wakati wowote.

Turudi kwenye watu sita. Hapa ndipo ninapoona waliopanga hawakukaa Kilimanjaro. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini, na mkoa wetu uko chini ya hapo. Ingia kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba ndani yake, vya Uru, Kibosho au Marangu siku ya kawaida, sio Desemba, uone nani yupo. Bibi na mjukuu. Babu peke yake na mbwa. Mama yangu anaishi na wajukuu wake wawili, na msichana wa kumsaidia kazi. Nyumba ya pili kwenye kihamba hichohicho wako baba mdogo na mama mdogo. Kwa macho ya afisa uandikishaji anayepita na simu yake akipiga picha, hizo ni kaya mbili, na zote mbili hazina kipato cha maana. Anamuuliza mama atalipa lini, mama anamwambia, "Ngoja nimpigie mwanangu." Mwanae yuko Kimara kwenye foleni ya mwendokasi, hapokei.

Mlipaji hayupo nyumbani, na kila zoezi la uandikishaji linamfuata asiyelipa. Nitalirudia hili kwa kila mtu atakayenisikiliza: huku kwetu bima ipo tangu zamani, ila haiitwi bima. Ni watoto walioko mjini. Wanakatwa kila mwezi bila kuambiwa na mtu, wanakatwa mara mbili mama akianguka, na hakuna takwimu inayowahesabu. Serikali inapokuja na kadi haimkuti mtu asiye na kinga hata kidogo. Inamkuta mtu mwenye kinga mbovu, inayochelewa, inayotegemea nani ana salio, na inaanza kushindana nayo bila kujua kwamba ipo.

Mfuko wa watumishi wenyewe unalijua jambo hili. Mwanachama anaandikisha mwenza na wategemezi wanne, na kati ya wategemezi hao wazazi wanaruhusiwa, wake na wa mwenza wake. Yaani kadi ya mwalimu wa Singida inaweza kumbeba mama aliyeko Uru. Dada yangu ana watoto watatu. Nafasi ikabaki moja. Akawa na mama na akawa na mama mkwe. Mambo haya hayazungumzwi kwenye kundi, alinipigia usiku akinong'ona, nadhani mume alikuwa chumba cha pili. Nikamwambia amweke mkwe. Mkwe anaishi naye, anamlelea watoto, na sukari yake ilikuwa mbaya kuliko ya mama. Mama hajui kama tulimpigia kura tukamwangusha, na ninaomba hapa hapiti mtu wa kumweleza.

Kuna ngazi pia. CHF iliyoboreshwa ilianzia zahanati na kwa rufaa iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Mawenzi. Haikufika KCMC. Mwambie hilo Mchagga aliyeko Dar uone. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda, inamilikiwa na Shirika la Msamaria Mwema la kanisa, na kwenye akili za watu wa mlimani ndiyo maana ya neno hospitali. Mtu akikohoa Uru, kaka yangu anauliza kutoka Kimara, "Mbona hamjampeleka KCMC?" Nimegundua kadiri mtu anavyokaa mbali ndivyo anavyosisitiza KCMC. Sisi tuliopo tunajua kwamba ukiruka ngazi bila rufaa unaiacha kadi mlangoni na unalipa taslimu kama mtu asiye na kadi. Wengi walikata kadi, wakaruka ngazi, wakalipa, wakarudi kijijini wakatangaza kadi haifanyi kazi. Mwaka uliofuata hawakuhuisha.

Halafu kuna tabia yetu wenyewe, tusijifiche. Mwaka 2016 ilianza Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa, Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na ilikuwa kadi nzuri sana. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, mfuko ukieleza kwamba matibabu yanagharimu kuliko michango inayoingia. Wazazi walikasirika na haki walikuwa nayo. Ila mimi mweka hazina nilielewa haraka. Tuna binamu mmoja ambaye mwaka mzima haonekani kundini, hata heri ya mwaka mpya haitikii. Siku mama yake alipolazwa aliamka na salamu ndefu yenye mistari ya Biblia. Tulichanga. Mama alipona, binamu akalala tena. Kundi likiwa na binamu mmoja linavumilia. Likiwa na binamu watupu linakufa, na hiyo ndiyo bima ya hiari ikiachwa kila mtu ajiunge siku anayojisikia.

Kwa hiyo ulazima ninauunga mkono, ingawa hautanipa marafiki sokoni Mbuyuni. Ninachokataa ni ulazima unaomfuata bibi.

Ulazima utafaa ukimfuata mtu pale hela inapopita. Wazee wetu walilijua hilo. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, kiliundwa mwaka 1933, na ushirika huo ulikata kwenye mauzo kabla hela haijafika mfukoni, kwa sababu ikishafika mfukoni haikatiki tena. Mfuko wa bima uliwahi kujaribu njia hiyo kwa Ushirika Afya, Sh 76,800 kwa mtu mzima kwa mwaka kupitia vyama vya msingi. Wazo lilikuwa sahihi, ila mibuni ya huku imezeeka, mingine imeng'olewa ikapandwa parachichi na migomba, na kilo anazopeleka mama kwenye chama siku hizi hazitoshi kukatwa kitu. Hela ya Uru haipiti tena kwenye mizani ya kahawa. Inapita kwenye simu ya mwanae.

Na inapita Desemba. Asiyeijua Desemba ya Kilimanjaro na aje stendi ya Moshi kuanzia tarehe ishirini. Mabasi yanashusha usiku na mchana, magari binafsi yenye namba mpya yanapanda mlima hadi yanakwama kwenye tope, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Kila ukoo una kikao. Tunakaa chini ya mgomba, tunakula, tunasuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, tunapanga nani atamsomesha nani. Walipaji wote wapo mahali pamoja na wategemezi wao, wameshiba, wana hela na wana aibu ya kuonekana hawana. Hakuna siku nyingine katika mwaka ambapo hayo yanakutana.

Nimewahi kumuuliza afisa mmoja wa halmashauri kwa nini uandikishaji usifanyike wiki hiyo, meza nje ya kanisa baada ya ibada ya Krismasi, meza nyingine stendi. Alicheka kistaarabu. "Kaka, wiki hiyo sisi wenyewe tuko likizo."

Haya. Mwaka jana nilipeleka ajenda ya bima kwenye kikao chetu. Ilikuwa ya mwisho, baada ya ukuta wa makaburi. Nilisema tuache kuchanga mtu akianguka, tuchange mara moja Desemba na kila mzee awe na kadi Januari. Kaka wa Mwanza akauliza swali ambalo nadhani linaulizwa nchi nzima: tukilipa, mwaka ukaisha hakuna aliyeugua, hela yetu inarudi? Nikamwambia hairudi, na tumshukuru Mungu kwa kutorudi kwake. Hakuridhika. Kaka wa Kimara alikuwa tayari kulipa yote peke yake, ila alitaka jina lake lionekane mahali. Watu wakamcheka. Mimi sikucheka. Anatoa hela za matibabu ya wazee kila mwaka na kwenye karatasi zote jina linaloonekana ni langu, kwa sababu mimi ndiye nasimama dirishani. Kama mfumo ungemruhusu aliyeko Kimara aingize namba ya NIDA ya mama, ile ya kitambulisho cha taifa, alipie, na yeye mwenyewe apokee ujumbe kadi inapokaribia kuisha, angelipa bila kukumbushwa. Wanaotuma ujumbe kwa mama wanajisumbua. Mama simu yake ni ya kitochi na meseji zote anadhani ni za matapeli.

Dada mwalimu ndiye alisema neno zito kuliko sote. Alisema kadi anayo miaka yote na bado amewahi kuzunguka. Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zilipogomea bei mpya za mfuko na kusimamisha huduma kwa wenye kadi, tulijifunza sote kwamba kadi ni ahadi kati ya watu wawili wakubwa, na wakigombana wewe unabaki umeishika. Kwa hiyo, akasema, pamoja na kadi tuweke akiba ya dawa. Tukakubaliana kiasi kidogo cha kila mwezi kwa ajili ya vidonge vya presha vya baba mdogo na vya mama, vinunuliwe hata kama kliniki haina. Hiyo imefanyika. Nanunua mwenyewe, napeleka kwa bodaboda, na baba mdogo anameza kila siku, akisaidiwa mkono wa kushoto.

Kadi bado. Hatukuafikiana nani aandikwe na nani. Kwa hesabu ya kihamba watu ni sita kamili: mama, wajukuu wawili, msichana wa kazi, baba mdogo na mama mdogo. Kwa hesabu ya milango ni kaya mbili na tutalipa mara mbili. Kaka wa Tunduma akaongeza kwamba msichana wa kazi si ndugu, nafasi yake apewe mwanawe aliyeko Tunduma. Nilimjibu kwamba msichana huyo ndiye anayemwamsha mama usiku kumpa maji, na kwamba mtoto wa Tunduma ana baba. Tuliahirisha hadi Desemba hii, na safari hii nimeiweka ajenda ya kwanza, kabla ya nyama kuiva.